Mbegu za ubuyu: mafuta yake yanalika au ni ya kupaka tu?

mpwapwa_boy:
Wakuu habari zenu. Huku kwetu tunanunua mabuyu tunapasua tunatwanga tunatoa unga tunauza mjini, sasa mbegu zinabaki nyingi sana, zingine tunauza kwa wale wa ubuyu wa rangi na zingine zinarundikana tu store. Nimeona watu wanakamua mafuta, chupa ndogo inauzwa hela ndefu kuliko alizeti, na wanasema eti yana omega, protini, yanaondoa sumu mwilini, yanatibu presha, sukari, vidonda vya tumbo, yani kila kitu. Nimesoma na makaratasi mawili matatu ya watafiti ila namba zao hazifanani, huyu anasema protini asilimia 15 mwingine 30 na zaidi, sasa nishike lipi? Nataka nikamue niuze ya kula. Mwenye uelewa wa hii kitu anisaidie kabla sijaingiza hela kwenye mashine.

fundi_maabara:
Mkuu namba zote mbili zinaweza kua sahihi, inategemea walipima nini. Mbegu ya ubuyu ina ganda gumu jeusi ambalo ni kama nusu ya uzito, na ndani kuna kiini. Ukisaga mbegu nzima na ganda lake utapata protini kama 15 hivi na mafuta kama 12, ukitoa ganda ukapima kiini peke yake namba zinapanda, protini inafika 30 na mafuta nayo karibu 30. Kwahiyo ukisoma karatasi yoyote angalia kwanza sehemu ya namna walivyoandaa sampuli, ndo usome jedwali. Watu wa matangazo wanachukua namba ya kiini wanabandika kwenye unga wa mbegu nzima.

Na kibiashara hiyo ndo hesabu yako. Gunia la kilo 100 la mbegu na maganda yake lina mafuta kilo 12 tu hata mashine ingekamua yote, na haikamui yote, mengine yanabaki kwenye mashudu. Alizeti nzuri inakuacha mbali sana hapo, ndo maana bei iko juu, sio kwamba ni dawa.

Sasa mafuta yenyewe. Mafuta yoyote yanaundwa na asidi za mafuta, na haya kama theluthi ni ile inaitwa oleiki, theluthi nyingine linoleiki, na palmitiki inakaribia robo. Hayo ni mafuta ya kawaida tu, omega 6 ipo ndio, ndo hiyo linoleiki, ila hata alizeti inayo. Kinachoyatofautisha ni asidi mbili, sterkuliki na malvaliki, zina duara dogo la kaboni tatu katikati ya mnyororo. Ni asilimia chache tu lakini hizo ndo za kuogopa kwenye mafuta ya kula, zinazuia kimeng'enya kinachobadilisha mafuta magumu kua laini mwilini. Mbuyu ni ukoo mmoja na pamba, msufi na bamia, na wote wanazo kwenye mbegu. Mafuta ya pamba unayokula yamepita kiwandani kwenye joto la zaidi ya digrii 200 wakati wa kutoa harufu, hapo zinapungua. Ya kwako ya kukamua baridi, yani bila moto, hayajapita popote.

kuku_na_mayai:
Hii ya pamba nathibitisha, tuliofuga kuku wa mayai tunaijua. Ukiwalisha mashudu ya pamba mengi mayai yakikaa ute mweupe unakua wa pinki, mteja anakurudishia trei nzima anasema mayai yameoza. Mtu wa mifugo akatuambia ni hizo hizo asidi, zinalegeza ngozi ya kiini cha yai, madini ya chuma yanavuja yanaingia kwenye ute. Kwahiyo @mpwapwa_boy hata mashudu yako ya ubuyu usikimbilie kuwapa kuku wa mayai.

mzee_wa_bonde:
Vijana mnatisha watu. Wahadzabe kule Ziwa Eyasi wanatwanga ubuyu na mbegu zake kwenye mawe wanakula unga tangu enzi na enzi na ni watu wenye afya kutuzidi. Bibi yangu mwenyewe alikua anakaanga mbegu anatwanga anaweka kwenye mboga, wengine wanazikaanga mpaka ziwe nyeusi wanachemsha kama kahawa. Mbona hatukufa?

fundi_maabara:
Shikamoo mzee. Sijasema mbegu ni sumu, nasema mafuta mabichi ya kijiko kila siku ni kitu kingine kabisa. Bibi alikua anaweka konzi moja kwenye chungu cha watu wengi na alikua anakaanga kwanza, na hilo la kukaanga sio la ladha peke yake, mbegu mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kumeng'enya protini, ina tanini ile inayokausha mdomo, ina fitati inayoshika madini ya chuma na zinki, moto na kuloweka vinapunguza. Burkina Faso wanazichemsha muda mrefu halafu wanazivundika na bakteria aina ya basilasi mpaka zinanuka kwelikweli, wanaita maari, wanaungia mchuzi. Wazee wa kila mahali walikua na njia yao, hakuna aliyekamua chupa akamwambia mgonjwa wa presha anywe asubuhi na jioni.

mamakaya_kilifi:
Sisi huku pwani mabuyu tunamumunya mbegu twatema, watoto ndo hutafuna na kokwa 😂 Lakini nina swali, hizo karatasi zasema mbegu zina nguvu ya kuzuia magonjwa na kuua bakteria, ni uongo pia?

fundi_maabara:
Sio uongo mama ila isome vizuri. Wanachofanya wanaloweka unga wa mbegu kwenye methanoli, aina ya spiriti yenye sumu, wanachuja, wanamwagia kwenye rangi ya zambarau inaitwa DPPH, ikififia kua njano wanaandika inapambana na oksidi. Au wanatonesha kwenye sahani yenye bakteria wanapima duara lililokufa kwa milimita. Ni kipimo halali cha kuchuja mimea ipi ichunguzwe zaidi. Lakini ile sahani haina ini wala haina damu, na wewe hunywi methanoli. Kutoka hapo mpaka kutibu sukari ni safari ndefu sana, na hata ule ubuyu ulioruhusiwa kuingia Ulaya 2008 ni unga wa tunda, sio mbegu.

mpwapwa_boy:
Duh. Kwahiyo nafanyaje na mzigo wangu?

fundi_maabara:
Uza kama mafuta ya ngozi na nywele, huko ndo soko lake la kweli hata nje, na kwenye lebo usiandike dawa. Ukitaka lazima yawe ya kula basi utahitaji kuyasafisha na kuyapima, kaongee na TBS, shirika la viwango Tanzania, kabla ya kununua mashine maana chakula na vipodozi vyote viko kwao sasa. Ya mashine kaulize SIDO, shirika la viwanda vidogo, na uliza kwanza ya kubangua, ya kukamua baadae.

kuku_na_mayai:
Na mashudu jaribu kuweka shambani kama mbolea mkuu.

mpwapwa_boy:
Sawa wakuu. Mwenye kujua mashine ya kubangua inayoweza ganda la ubuyu anicheki, ya karanga nilijaribu ilitoa moshi.