Grini zina mabaka makavu, na kamati inataka kisu kishuke hadi milimita 3. Nianzie wapi?

Ukoka_Mwanza

Habari za kazi wakuu. Naomba ushauri wa wanaosimamia viwanja vya gofu, hasa vya huku kwetu kando ya ziwa.

Uwanja una mashimo 9, upo Mwanza, majabali mengi, ardhi ya luseni, yaani udongo wa kichanga. Grini zote (zile sehemu za nyasi fupi sana zenye shimo la mpira) ni ukoka wa bermuda fupi, kila moja kama mita za mraba 450. Kikosi ni watu 8 na mimi nikiwemo. Mashine za silinda za kukatia nyasi, za kutembea nazo, zipo 2. Maji tunavuta ziwani kwa pampu na kumwagilia jioni kuanzia saa 12, dakika 20 kila grini.

Tangu kiangazi kianze, grini namba 4 na 7, zilizo kwenye mwinuko, zimetoa mabaka ya njano, mengine upana wa sinia, mengine upana wa mkeka. Ukichoma bisibisi haivuki sentimita 3. Grini nyingine hazina mabaka, ila siku moja baada ya kukata ncha za majani zinakuwa nyeupe na kuna mistari inayojirudia upande mmoja. Kisu kipo milimita 4.5 juu ya ardhi. Kamati inasema mpira hautembei, inataka tushuke hadi 3 kabla ya mashindano ya mwisho wa Agosti.

Je, nishushe? Na mabaka hayo ni fangasi au ni maji?

FundiSilinda

Mkuu, usishushe. Bermuda nyingi fupi za siku nyingi zinakaa vizuri kati ya milimita 4 na 5. Zipo aina mpya zinazovumilia 3, lakini hata hizo zinataka grini iliyosawazishwa kwa mchanga na silinda kali kweli. Jani likifupishwa, mizizi nayo inafupika, na wewe tayari una udongo ambao mizizi haipenyi. Ukishusha Julai, hayo mabaka ya 4 na 7 utayakuta grini zote 9 kabla ya mashindano.

Weupe wa ncha si ugonjwa. Ni jani lililochanwa badala ya kukatwa. Anza na mashine. Zima injini, toa waya wa plagi, vaa glavu nene. Chukua ukanda wa karatasi ya fotokopi, upitishe kati ya silinda na kisu cha chini huku ukizungusha silinda taratibu kwa mkono. Karatasi ikatike safi kushoto, katikati na kulia. Sehemu inayokunja karatasi bila kuikata ndiyo inayokuchorea ule mstari. Kaza skrubu za marekebisho kidogo kidogo, pande zote mbili kwa zamu, hadi ikate. Usikaze hadi uisikie silinda ikisaga kwa nguvu: vyuma vikibanana vinapata moto, kisu kinapinda katikati, halafu unarudi pale pale.

Ikiwa makali yamekuwa butu lakini hayana pengo, inatosha kunoa kwa kuzungusha silinda kinyume kwa mota, ukipaka unga wa kunolea uliochanganywa na sabuni ya maji kwa brashi yenye mpini mrefu. Endelea hadi ukingo wote ung'ae, kisha osha kabisa, maana unga ukibaki unaingia kwenye beringi. Piga tupa kidogo ukingo wa mbele wa kisu kuondoa kichuma chembamba kilichojikunja, rekebisha, pima tena kwa karatasi. Lakini kwanza pima kipenyo cha silinda ncha zote mbili kwa kalipa. Tofauti ikizidi nusu milimita, silinda imekuwa nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, na kunoa hakutaisaidia. Hiyo inakwenda kwa fundi mwenye mashine ya kusaga.

Halafu hiyo 4.5 mnaipima vipi? Wengi wanasoma namba za pembeni mwa mashine, na namba hizo hudanganya rola zikilika. Mchongeshe fundi wa vyuma kipande cha pao nene ya chuma iliyonyooka, ndefu kuliko umbali wa rola ya mbele na ya nyuma, atoboe katikati aweke bolti yenye nati. Nafasi kati ya uso wa pao na chini ya kichwa cha bolti iwe milimita 4.5, shina la biti ya drili ya 4.5 linakupa kipimo hicho vizuri kabisa. Laza pao juu ya rola zote mbili, kichwa cha bolti kiguse mdomo wa kisu. Pima kushoto na kulia. Mashine zote 2 zilingane, la sivyo kila asubuhi grini zinakatwa urefu mbili tofauti.

MamaGrini

Kaka, nakubaliana na fundi. Mimi naongelea 4 na 7.

Kwa maelezo yako sioni fangasi. Fangasi utaiona alfajiri kabla umande haujakauka: nyuzi nyeupe laini juu ya majani, au madoa yenye ukingo wa kahawia kwenye jani lenyewe. Na fangasi ya majani haifanyi udongo ukatae bisibisi.

Toa kipande cha udongo kwa kikata shimo, kina cha sentimita 15, kimoja ndani ya baka na kingine nje. Viache vikauke kivulini. Vilaze, kisha dondosha tone la maji kila sentimita 1 kuanzia juu kwenda chini. Tone likikaa juu bila kuzama zaidi ya sekunde 5, hapo mchanga unakataa maji. Punje zimevaa utando wa mabaki ya mizizi na majani yaliyooza, na zikishakauka hivyo, hata umwagilie dakika 60 maji yatateleza pembeni. Kwenye mwinuko ndiyo kabisa.

Jambo la pili, dakika si kipimo. Weka makopo 12 yanayolingana, yenye kuta zilizonyooka, yatawanywe grini nzima. Washa dakika zako 20, pima kina kwa rula. Kwa kiangazi chetu grini inapoteza kama milimita 4 hadi 5 kwa siku. Milimita 5 kwenye mita za mraba 450 ni lita 2,250. Ukiona kopo moja lina milimita 2 na jingine 8, shida ipo kwenye springla: pua imeziba au presha haifiki huko juu.

Hebu fanya hivyo viwili, ulete majibu.

Ukoka_Mwanza

Ahsanteni sana. Karatasi: mashine moja haikati upande wa kulia kabisa, kama sentimita 12. Kipenyo kinalingana ncha zote. Tone la maji: ndani ya baka linakaa zaidi ya dakika nzima kwenye sentimita 4 za juu, chini ya hapo linazama mara moja. Nje ya baka linazama. Makopo ya namba 7: la chini kabisa milimita 9, la juu kabisa 2. Presha ya pampu inaanza vizuri halafu inashuka.

MamaGrini

Basi umeshapata jibu la mabaka. Dawa ya nyasi ya kusaidia maji kupenya udongo (wetting agent) ikipatikana, fuata kipimo cha lebo na uisukume chini kwa maji hapo hapo. Usijaribu sabuni ya vyombo, inaunguza jani. Ikikosekana dawa, toboa baka lote kwa uma wenye meno membamba, tundu kila sentimita 4 au 5, kisha mtu mmoja asimame na mpira wenye kichwa cha mvua: dakika 3, apumzishe dakika 15, arudie, mizunguko 3 au 4. Fanya kila siku kwa wiki moja, kwenye mabaka tu. Usiiloweshe grini nzima kwa sababu ya baka.

Hamisha umwagiliaji kutoka jioni. Ukimwaga saa 12 jioni jani linalala na maji usiku kucha, na hapo ndipo fangasi ya kweli itakukuta. Mwaga kuanzia saa 10 alfajiri, umalize kabla ya kukata. Ila usimpeleke mtu wa pampu ufukweni gizani, viboko hupanda kulisha usiku na alfajiri bado wapo njiani kurudi majini. Mchana vuta maji ya ziwa yajaze matangi. Grini 9 zinataka kama lita 20,000 kwa siku, kwa hiyo matangi 2 ya lita 10,000. Alfajiri pampu ya pili isukume kutoka kwenye matangi. Usitegemee mwinuko peke yake: mita 10 za kimo zinakupa bar 1 tu, na springla nyingi za grini zinataka bar 3 hadi 4 au zaidi.

Presha inayoanza vizuri ikashuka, angalia upande wa kufyonza. Mara nyingi ni chujio la futi-vavu (vali ya ncha ya bomba la kufyonza) limefunikwa na mwani au mizizi ya magugumaji, au bomba linavuta hewa kwenye maungio. Funga chujio chini ya pipa linaloelea, likae nusu mita chini ya uso wa maji, mbali na tope. Pampu nayo isikae juu sana: ziwa letu lipo zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, hivyo nguvu ya kufyonza inapungua kwa zaidi ya mita moja ukilinganisha na pwani. Anayesafisha chujio avae buti refu na glavu za mpira. Kichocho kipo.

MchangaSafi

Niongeze la ugumu, maana bisibisi kuishia sentimita 3 si kukauka tu. Udongo umeshindiliwa.

Sasa hivi, kabla ya mashindano, toboa kwa meno membamba yasiyo na tundu ndani tu, yasiyotoa udongo. Hayaharibu uso, baada ya siku chache huoni kitu. Kazi kubwa ya meno yenye tundu, yanayotoa udongo, ifanye Septemba, joto limeanza kupanda na mvua za vuli hazijaanza kusomba mchanga. Bermuda inaziba haraka ikiwa kwenye ukuaji.

Hesabu ya mchanga uifanye mapema. Meno ya milimita 12, nafasi sentimita 5 kwa 5, kina sentimita 7.5: matundu 400 kwa mita ya mraba, na kuyajaza kunakula kama lita 3.4. Kwa grini ya mita 450 ni mita za ujazo 1.5, yaani toroli 24 za lita 65, kabla hujaweka wa kusawazisha juu. Tundu lisilojazwa linajifunga na umepoteza kazi.

Mchanga ndio unaoua viwanja vingi. Punje nyingi ziwe kati ya robo milimita na milimita moja. Changarawe ya majabali yetu iliyovunjika ni kubwa na yenye kona, inakwangua silinda na jani. Kwa tope, jaza chupa angavu theluthi moja mchanga, ongeza maji, tikisa, iache hadi kesho. Utando laini wa juu ukizidi sehemu moja kati ya ishirini ya mchanga, rudisha gari. Nunua kwa mwenye kibali na shikilia chanzo hicho hicho mwaka hadi mwaka, kwa sababu tabaka la mchanga tofauti juu ya jingine linazuia maji kushuka.

Kuhusu kasi: mchanga mwembamba wa nusu milimita kila wiki 2 au 3, kwa grini yako ni toroli 3 na nusu tu, ukiwa mkavu, ukiburutwa kwa mkeka. Ongeza rola nyepesi mara 2 au 3 kwa wiki baada ya kukata, udongo usiwe umelowa. Kamati itapata mpira unaotembea na kisu kikabaki 4.5. Baada ya mchanga usikate siku hiyo, mwagia ushuke kwanza.

FundiSilinda

Hapo kwa mchanga sahihi kabisa. Na mkianza kukata tena baada ya mchanga, tumieni ile mashine isiyo kali sana, nyingine ibaki safi kwa mashindano.

MamaGrini

Mbolea nilisahau. Usijibu njano kwa kumwaga urea ya mkono. Kwa grini moja, gramu 600 za urea kwa wiki zinatosha: gramu 200 kwenye kila bomba la mgongoni la lita 15, mabomba 3, kisha maji mepesi. Hiyo ni kama gramu 2.4 za naitrojeni kwa mita ya mraba kwa mwezi. Ukizidisha, majani yanakuwa laini, mpira unazidi kuwa mzito, na kinachobaki kinateremka ziwani kulisha magugumaji yanayoziba pampu yako. Ukanda wa mita 60 kutoka kwenye maji uache na nyasi ndefu bila mbolea wala dawa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda huo dhidi ya shughuli zinazoudhuru.

Dawa yoyote iwe imesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Angalia pia upepo: usiku na alfajiri hutoka nchi kavu kwenda ziwani, mchana hugeuka. Nyunyiza katikati pale unapotulia, na kwenye grini za ufukweni subiri ugeuke kidogo kuelekea nchi kavu.

MsimamiziKanda

Watu 8 wanatosha ukiwapanga vizuri. Mashine ya kutembea inamaliza grini ya mita 450 kwa dakika 20 hadi 25, kwa hiyo grini 9 kwa mashine 2 ni saa 2 pamoja na kuhama. Wawili wakate, wa tatu awatangulie: apangushe umande kwa mwanzi mrefu, azibe alama za mipira, aokote mawe. Kijiwe kimoja kinaweza kung'oa makali ya silinda. Alama ya mpira izibwe kwa kusukuma kingo kuelekea katikati. Kuinua kutoka chini kunakata mizizi. Wa nne ahamishe mashimo kila siku, kikombe kizame angalau sentimita 2.5 chini ya uso. Wawili mabanka (mashimo ya mchanga) na tii (sehemu za kuanzia kupiga), mmoja maji, na wewe uzunguke na bisibisi yako.

Badilisha mwelekeo wa kukata kila siku, na ule mzunguko wa ukingoni uruke siku 2 kwa wiki, maana magurudumu na miguu hupita pale pale. Petroli ijazwe nje ya grini. Tone moja linaacha duara lililokufa kwa wiki kadhaa.

Na kamati wapelekee namba za kasi ya mpira. Tengenezesha mfereji wa aluminiamu wa sentimita 91 wenye kishimo cha kushikilia mpira sentimita 76 kutoka ncha ya chini. Inua taratibu, mpira uachie wenyewe mfereji ukiwa kama nyuzi 20. Mipira 3 upande mmoja, 3 upande wa pili, sehemu tambarare, chukua wastani wa umbali uliotembea. Pima grini zile zile 3 kila wiki, saa ile ile, kabla na baada ya rola, uandike kwenye daftari la kikosi pamoja na urefu wa kisu wa siku hiyo.