Nimebakiza kozi mbili kufika lenta, Tukuyu. Paa la kuficha au bati la kawaida? Naombeni ushauri wakuu

Kijana wa Hombolo

Habari za jioni wakuu.

Najenga nyumba ya vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, dainingi, jiko na stoo. Eneo ni Rungwe, si mbali na Tukuyu mjini. Msingi umeisha, jamvi limemwagwa, kuta za tofali za kuchoma zimebakiza kozi mbili (mistari miwili ya tofali) kufika lenta, ule mkanda wa zege wa juu ya milango na madirisha. Ramani nilichorewa na kijana mmoja huku Dodoma ninakofanya kazi. Ina paa la kuficha, zile nyumba za kisasa ambazo ukisimama barabarani huoni bati. Naipenda sana hiyo ramani, iko kwenye simu yangu tangu kabla sijachimba msingi.

Sasa fundi ananiambia turudi kwenye paa la migongo, lile la kawaida lililoinuka na bati linaonekana. Anasema paa la kuficha huku litanitesa. Nahisi anakwepa kazi asiyoiweza. Hela iliyobaki ni ya mkopo wa mshahara, inatosha lenta na kupaua tu. Nikikosea hapa nakatwa miaka mitano nikiwa na boma, kuta tupu bila paa. Nataka niwe nimepaua kabla mvua hazijaanza mwezi wa tatu.

Maswali yangu: paa la kuficha linafaa Tukuyu? Na lenta niweke nondo ngapi? Usingizi sina wakuu. Nawasilisha.

Kozi ya Mwisho

Mkuu, msikilize fundi wako. Paa la kuficha bati lake limelala, na maji yote yanakusanywa kwenye gata lililojificha nyuma ya ukuta. Dodoma hapo halina tatizo, mvua yenyewe ni ya kuombea. Tukuyu ni kati ya sehemu zinazopata mvua nyingi kabisa nchini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Majani yakiziba gata mara moja tu, maji hayana pa kwenda isipokuwa ndani.

Ugonjwa mkubwa uko pale bati linapokutana na ukuta. Plasta ikipata ufa wa unywele, imekwisha. Nilishawahi kuitwa Uyole kufungua dari ya nyumba ya namna hiyo. Jipsamu imevimba, mbao ya pembeni ukiigusa na bisibisi inazama mpaka kwenye mpini. Mwenye nyumba miaka yote alikuwa anapaka rangi upya akijua ni unyevu wa ukutani.

Weka migongo minne, mwinuko wa kueleweka, na upenu utoke nje sentimita 60 hivi ili mvua ya upepo isipige ukuta. Lenta weka nondo nne za milimita 12, ringi kila sentimita 20, zege la moja kwa mbili kwa nne (saruji, mchanga, kokoto), na izunguke nyumba nzima bila kukatika. Msikubali ile ya kuweka lenta juu ya milango na madirisha tu. Huku tuko kwenye Bonde la Ufa. Desemba 2009 matetemeko ya Karonga, hapo ng'ambo Malawi, yaliangusha nyumba za watu. Halafu mwagilia maji hilo zege siku saba, asubuhi na jioni.

Mama Parachichi

Mimi naomba niongelee tofali, maana watu wanakimbilia paa. Nilijenga Makambako nikauziwa tofali ambazo moto haukufika katikati ya tanuru. Kwa nje nyekundu nzuri. Mvua ya kwanza, kona ya nyumba ikaanza kumeguka kama ugali wa jana. Tangu hapo tofali silinunui mpaka nigonge mbili pamoja. Ikilia kama chuma imeiva, ikitoa mlio wa kufa irudishe. Nyingine nalaza kwenye ndoo ya maji usiku kucha, asubuhi natazama kama imebaki na kona zake.

Na kabla ya kujenga zilowekwe. Tofali kavu inanyonya maji yote ya udongo wa saruji, kesho yake ukikwangua kwa ukucha inatoka unga. Mafundi hawapendi kuloweka kwa sababu inachelewesha.

Halafu kaka, uko Dodoma, nyumba iko Rungwe. Anayesimamia ni nani? Na kiwanja ulinunua kwa nani, mbona hujagusia?

Kijana wa Hombolo

Asanteni sana. Msimamizi ni mzee mmoja wa familia, mtu wa heshima zake. Kiwanja hakina shida. Tuendelee na paa.

Mpare wa Mafinga

Kuhusu usimamizi wa kwenye simu niulizeni mimi. Mdogo wangu alikuwa ananitumia picha za saiti kila Jumapili, kumbe anapiga nyumba ya jirani. Nilipokuja kushuka kwenye basi nikakuta nyasi na mbuzi wawili. Siku hizi nikijenga naomba likizo, silipi tripu ya mchanga ambayo sijaiona ikimwagwa.

Wakili wa Kijiweni

Mleta uzi, mtu aliyenunua kiwanja huwa anasema "nilinunua kwa fulani, nina mkataba". Wewe unasema "hakina shida". Kimeandikwa jina la nani?

Kijana wa Hombolo

Ni eneo la familia mkuu.

Wakili wa Kijiweni

Familia ipi?

Kijana wa Hombolo

Upande wa mwenzangu. Baba yake alitumegea kipande kwenye shamba lake la migomba. Alituonyesha mipaka yeye mwenyewe, mbele ya mama na shemeji zangu wawili, akachomeka miti. Ndiye anayesimamia ujenzi na hajawahi kuniomba hata senti ya vocha. Sikutaka kulileta hapa kwa sababu najua swali la paa litasahaulika.

Chizi Karanga

Kumbe umejenga ukweni! Siku mkigombana wewe ndiye unabeba begi, mkuu. Unamuaga mke, unamuaga baba mkwe, unaiaga na masta.

Binti Nkasi

Naona wanaume mmeshaanza. Mwanamke akijenga kwa wakwe zake miaka thelathini hakuna anayemcheka, mnamwita mke mwema. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema haki ya mwanamke kupata na kumiliki ardhi ni sawa na ya mwanaume. Mzee amempa binti yake ardhi, hilo ni jambo la kupongezwa. Baba yangu alituambia mabinti "ninyi mtaolewa", mashamba yote wakapewa kaka zetu, nao wakayauza. Leo makaburi ya babu yako kwenye shamba la mtu tusiyemjua. Kaka, usikubali wakutie aibu kwa hilo.

Wakili wa Kijiweni

Dada Nkasi, sipingi hata neno moja. Ila hata huyo binti hana karatasi. Ana miti iliyochomekwa. Sheria zetu za ardhi zinahesabu jengo la kudumu kuwa sehemu ya ardhi, maana yake nyumba inamfuata mwenye ardhi. Mzee akifariki kesho, hao shemeji wawili walioshuhudia watakuwa kati ya warithi. Waliotazama miti ikichomekwa ndio hao hao watakaosema baba aliwaazima tu.

Mleta uzi, mmefunga ndoa?

Kijana wa Hombolo

Tuna mtoto mmoja. Barua nilipeleka ikapokelewa, mahari nimetoa sehemu. Iliyobaki nilimwambia mzee nimalize nyumba kwanza, akakubali. Kwa hiyo msinione mhuni.

Babu Isyesye

Mwanangu, hapo umepindua mambo. Mahari kwanza, nyumba baadaye. Mzee amekubali kwa sababu nyumba iko shambani kwake, haondoki nayo mtu. Wewe umeacha deni ndani ya nyumba ya mtu halafu unalala humo humo. Sisemi akufukuze, nasema siku ya hasira kila mtu hukumbuka anachodai.

Wakili wa Kijiweni

Sheria ya Ndoa ya 1971 ina dhana ya ndoa. Mkiishi pamoja miaka miwili na kuendelea na jamii ikawachukulia kuwa mke na mume, mahakama inaweza kuwachukulia hivyo, mpaka ithibitishwe kinyume. Hiyo inakusaidia kati yako na mwenzako. Dhidi ya shemeji zako haikusaidii, kwa sababu ardhi si ya mwenzako kwenye maandishi.

Fanya hivi kabla hata ya kumwaga lenta. Kikao cha familia, watoto wote wa mzee wakubwa wawepo, muhtasari uandikwe, wote wasaini. Upelekwe halmashauri ya kijiji, kipande kipimwe, muombe hatimiliki ya kimila kwa majina yenu wawili. Kama eneo limeshaingia kwenye mamlaka ya mji mdogo utaratibu ni mwingine, uliza ofisi ya ardhi ya wilaya, na huko utahitaji pia kibali cha ujenzi.

Kijana wa Hombolo

Nakuelewa mkuu. Lakini nikimpelekea yule mzee makaratasi ataona simuamini, na yeye anaamka alfajiri kunihesabia mifuko ya saruji. Halafu mbao nimeshalipia Mafinga, nimepeleka orodha iliyotoka kwenye ramani, ya paa la kuficha. Mnaniambia nibadili paa, nisimamishe lenta, nimkalishe mzee kikao. Nimekuja na swali moja.

Mzawa wa Mwakaleli

Ngojeni kwanza. Nimesoma mwanzo mpaka hapa, kuna kitu kinanikera. Jamaa anataka kupaua "kabla mvua hazijaanza mwezi wa tatu". Rungwe! Huku mvua inaanza Novemba, inakwenda mpaka Mei, na mwezi wa tatu na wa nne ndipo inamwagika hasa. Mtu anayejenga Tukuyu hajui hilo? Mkwe mpole, mkopo, mahari nusu, shemeji wawili. Hii chai, stori ya kutunga.

Chizi Karanga

Na tangawizi imekolea. Halafu picha hata moja hajaweka.

Mpare wa Mafinga

Kuna uzi ulishawahi kuja wa hivi hivi, ulikuwa Njombe na mkwe alikuwa mchungaji. Watu tuliandika kurasa na kurasa, mleta uzi akapotea.

Binti Nkasi

Hata kama ni chai, kuna msichana mahali anaisoma hii na inamhusu. Tuendelee.

Kijana wa Hombolo

Mnaniumiza wakuu. Mimi ni mtu wa Singida, Rungwe huwa nakwenda kipupwe, mwezi wa sita na wa saba, narudi na mafua. Mzee aliniambia kwenye simu mvua kubwa ni ya mwezi wa tatu, mimi nikashika hilo. Picha siweki kwa sababu shemeji mmoja yumo humu jukwaani.

Siku ya kuchimba msingi nilikuwepo. Juu ulitoka udongo mweusi mwepesi, ukaja mkanda wa vijiwe vya rangi ya krimu, vyepesi, unavisaga kwa vidole. Mwanangu alivitia kwenye ndoo ya maji vikaelea, akawa anavichezea kama mitumbwi. Mzee akawaambia vijana hapa hapajengeki, chimbeni mpaka mvipite. Tukaongeza mtaro, hela ikaisha mapema kuliko nilivyopanga.

Mzawa wa Mwakaleli

Hapo kwenye vijiwe vinavyoelea nimekuelewa, ndugu. Hayo ni mabaki ya mlima Rungwe ulipolipuka zamani, hata kwetu ukichimba choo unakutana nayo, na mtu wa mjini hawezi kuyatunga. Nafuta neno chai. Na huyo mzee anajua kazi, msingi uliowekwa juu ya ule mkanda unatitia. Ndaga fijo kwake, asante sana.

Kozi ya Mwisho

Tukubaliane basi kwamba mvua ni Novemba, na huu ni mwezi wa tisa. Swali moja: kuta zimejengwa kwa saruji au kwa udongo?

Kijana wa Hombolo

Ndani udongo, kwa nje jointi zitapigwa saruji baadaye. Fundi alisema huko wote wanajenga hivyo.

Kozi ya Mwisho

Wengi wanajenga hivyo, kweli, na nyumba zinasimama miaka kwa sababu zina paa lenye upenu. Lakini boma la udongo lisiloezekwa likipigwa na mvua ya Tukuyu msimu mzima, jointi zinaoshwa, kuta zinaanza kuinama. Na paa la kuficha linataka uongeze kozi kadhaa za tofali juu ya lenta, mzigo wote huo uko juu ya udongo, tena hauna upenu wa kuulinda ukuta. Kwa nyumba yako hiyo swali la paa limejijibu.

Mbao usizililie. Za mbili kwa nne na mbili kwa sita ni zile zile kwenye kenchi za aina zote, kinachobadilika ni urefu na idadi. Mpigie aliyekukatia leo kabla hazijapakiwa, mwambie orodha mpya inakuja, na ziwe za dawa. Mwezi wa tisa ni wa kikao, wa kumi ni wa lenta na kupaua. Muda upo, ila ni mwembamba.

Babu Isyesye

Na makaratasi usiyapeleke wewe. Huku kwetu mkwe haanzi habari ya ardhi na mzee. Mtafute mshenga aliyepeleka barua yako, nenda naye, mtangulize na sehemu ya mahari iliyobaki, hata kidogo. Mkishakula, mshenga ndiye atasema vijana wanaomba baraka ziandikwe. Mzee anayehesabu mifuko ya saruji alfajiri hawezi kulikataa hilo.

Kijana wa Hombolo

Shikamoo Babu. Mshenga ni mjomba wake mwenzangu, yuko Kiwira, nimeongea naye jana usiku. Tumekubaliana niende wiki ya mwisho ya mwezi. Mwenzangu anasema kaka yake mkubwa atakuwa mgumu, kwa hiyo tunaanza naye yeye kabla ya kikao.

Wa Mafinga nimempigia, amekubali kubadilisha mbao ambazo bado hajazikata. Paa bado linaniuma wakuu, siwezi kuwadanganya. Kama kuna mtu Mbeya ana paa la migongo ambalo kwa mbele limekaa kisasa, naomba picha nimpelekee fundi.

Mama Parachichi

Kaka mimi ninalo, Makambako. Nakuwekea kesho mchana nikitoka shambani. Na huyo wa Mafinga akiwa na za dawa za mbili kwa mbili, niulizie bei.