Naomba ushauri: pweza wangu anakuwa mgumu, na tui linakatika

Habari za humu wapendwa. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mtwara mjini. Kula napenda, sifichi. Hapa mjini kukifunguliwa mgahawa mpya, wiki haiishi sijaonja. Mume wangu husema pesa ya ada itaishia kwenye sahani za watu.

Sasa kuna sehemu Mikindani nilikula pweza wa nazi, laini, unamkata kwa kijiko, na rojo zito limeshika vizuri. Toka siku hiyo sijatulia. Nimenunua pweza kwa wavuvi mara tatu. Mara ya kwanza nilimchemsha na chumvi, akawa kama ndara. Ya pili nikampigapiga kwenye jiwe hadi jirani akauliza kuna nini, akalainika kidogo, ila nikatia tui la kwanza moto ukiwa mkali, likakatika, mafuta juu maji chini. Ya tatu watoto wamegoma wakaomba ming'oko, vile viazi vya porini vya huku kwetu, na chai ya rangi. Niliumia, ingawa ming'oko yenyewe naipenda.

Wanaojua naomba mnisaidie: chumvi inatiwa lini? Papai bichi linafaa, au linamharibu ladha? Na nikitaka kuongeza korosho za kusaga kwenye rojo, nazitia kabla ya tui au baada?

Mpishi wa kule nilimuuliza, akacheka tu. Jumapili wifi zangu wanakuja kutoka Lindi, na nimeshawatangazia pweza.