LPN au trela? Mishahara ya kweli mnaiangalia wapi kabla ya kulipa ada

kijana_wa_Columbus
Wakuu habari za huko mliko. Niko Columbus, Ohio huku Marekani mwaka wa pili sasa, napakia maboksi ghalani shifti ya usiku. Nina akiba kidogo nataka nisomee kitu, jamaa wa msikitini wananiambia chukua CDL, ile leseni ya magari makubwa, uendeshe trela, shemeji anasema nesi wa LPN, yule mwenye leseni ila yuko chini ya nesi kamili, ndo penye hela, na kila mtu ana namba yake, mmoja trela dola elfu 120 kwa mwaka mwingine elfu 50, sasa nishike lipi? Ada nikishalipa hairudi. Hivi hakuna mahali pa kuona mishahara yenyewe bila kutegemea maneno ya watu?

DadaNesi_Minneapolis
Mdogo wangu pole na usiku. Papo, na ni bure. Ingia saiti ya BLS, ile ofisi ya serikali ya takwimu za kazi, andika jina la kazi unayoitaka. Mei 2024 mshahara wa katikati wa LPN, yani nusu ya watu wako chini yake na nusu juu, ulikuwa dola 62,340 kwa mwaka, dereva wa trela 57,440, CNA, yani msaidizi wa nesi, elfu 39 na kitu. RN, nesi kamili aliyesajiliwa, 93,600, ndo maana wengi wetu LPN tunaipitia tu kama daraja.
Ila usiishie hapo, hiyo ni Marekani nzima na wewe hukai Marekani nzima, unakaa Columbus. Shuka mpaka majedwali ya miji, alafu angalia safu ya asilimia 10 na ya 25, yani mshahara ambao asilimia 10 au 25 ya watu wako chini yake, maana ukitoka shule leo wewe ndo uko huko chini, hapo katikati utafika baadae.
Mimi nilikaa miaka miwili CNA nalipwa 16 kwa saa nikidhani ndo bei ya mjini. Siku moja nikaprinti ukurasa wa mji wangu nikampelekea bosi, sikugombana nae, nikamwekea mezani nikamuuliza mbona mimi niko kwenye robo ya chini kabisa. Wiki ya pili nikapandishwa 18.50. Roho inaniuma ile miaka miwili.

mzee_wa_barabara
Kwenye trela niongezee. Zile hesabu za mishahara BLS wanawauliza waajiri, kwaiyo mwenye gari lake mwenyewe hayumo kabisa. Huyo wa elfu 120 inawezekana hasemi uongo, ila anakutajia hela iliyoingia kabla hajatoa dizeli, bima, matairi na marejesho ya gari. Muulize taratibu kinachobaki.
Kingine wengi hawakijui, kuna sheria ya mwaka 1988 inaitwa WARN, kampuni ya watu 100 kwenda juu ikitaka kufunga au kupunguza watu wengi kwa mpigo inatakiwa itoe taarifa siku 60 kabla, na Ohio wanaziweka hizo taarifa mtandaoni mtu yeyote asome. Mimi kila Jumatatu kabla sijawasha gari nazipitia. Mwaka juzi nikakuta humo jina la ghala nililokuwa napeleka mzigo, nikatafuta mteja mwingine mapema, wenzangu walikuja kujua siku wamekuta geti lina kufuli.

Mama_Huduma
Mimi naandika kama mwajiri. Nina ofisi ndogo ya kuhudumia wazee majumbani. Mwaka jana waliniacha wanne ndani ya miezi mitatu na mimi nilikuwa nawalipa sawasawa na ofisi jirani, sielewi tatizo nini. Binti yangu akanifungulia zile jedwali za mji wetu, tukaweka kazi ya kuhudumia wazee pembeni ya kazi za ghalani. Hapo nikaona. Watu wangu walikuwa hawaendi kwa jirani, walikuwa wanaenda kupakia maboksi! Nilikuwa nashindana na mtu ambae simuangalii. Nimeongeza dola mbili na nawapangia ratiba wiki mbili mbele, tangu Januari hajaondoka mtu.

Msomaji99
Takwimu za serikali tena? Agosti 2025 si Trump alimfukuza mkuu wa BLS, Erika McEntarfer, siku ileile ripoti ya ajira imetoka?

DadaNesi_Minneapolis
Ni kweli kaka. Lakini ugomvi ule ulikuwa wa ripoti ya kila mwezi, ile huwa inarekebishwa kwa sababu kuna waajiri wanachelewa kujibu, ni kawaida yake toka zamani. Majedwali ya mishahara ni kitu kingine, yanaunganisha majibu ya miaka mitatu, kosa lake ni kwamba yanachelewa. Kwaiyo yalinganishe na matangazo ya kazi. Huku Minnesota toka Januari 2025 mwajiri wa watu 30 kwenda juu lazima aandike mshahara kwenye tangazo.

kijana_wa_Columbus
Mungu awalipe. Nimefungua kwa simu muda wa brek, Columbus nimeiona, safu ya 25 ya LPN ni kubwa kuliko ninachopata sasa hata nikiweka ovataimu. Dada, darasa la jioni mtu wa shifti ya usiku analiweza?

DadaNesi_Minneapolis
Darasani utaweza, shida ni siku za mazoezi hospitali, nyingi zinaanza saa 12 na nusu asubuhi, utakuwa umetoka ghalani hujalala. Waulize shule ratiba ya mazoezi kabla hujatoa hata senti.