Naombeni ushauri: mashine ipi ya kusafisha maji ya kisima inafaa nyumbani?

Kisima_Arumeru
Wakuu, habari za jioni. Nimekwama. Nimechimba kisima kirefu nyumbani, mita 90, huku Arumeru. Maji ni meupe, hayana harufu wala chumvi. Nataka mashine ya kuyasafisha ili familia inywe bila wasiwasi. Kuna moja nimeonyeshwa ya milioni moja na laki nane, ina taa ya kuua vijidudu na inayafanya maji kuwa alikalini, yaani kinyume cha asidi. Inafaa, au mna iliyo bora? Naomba majibu mapema, usingizi umenikataa.

FundiPampu
Hongera mkuu. Mita moja walikuchimbia kwa bei gani? Pampu ya ukubwa gani? Huku kwetu Kigamboni nilimchimbia mteja, maji tuliyapata mapema sana ila chumvi tupu. Ndani ya mwaka mmoja koki zote zilikuwa zimelika, akabaki kuoshea gari, na gari nalo likaanza kutu. Wewe umepata maji matamu, mshukuru Mungu. Ila kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Pangani unacho? Wengi wanachimba kienyeji, wakija kukaguliwa wanaanza kulia.

Mama_Wawili
Kaka, milioni yote hiyo ya nini? Chemsha, chuja kwa kitambaa safi, weka kwenye mtungi. Wanangu wamekua hivyo.

MpimaMaji
Mkuu, weupe wa maji si kipimo. Ulishayapeleka maabara? Mashine huchaguliwa baada ya kuona majibu, kama dawa. Tena ukisema Arumeru mimi ninafikiria kitu kimoja kabla ya vijidudu.

Kisima_Arumeru
Muuzaji alipima mbele yangu. Alichovya kifaa cha umeme chenye vyuma kwenye glasi mbili, moja ya kisima changu na nyingine ya maji ya chupa. Yangu yaligeuka kahawia, yakatoa povu chafu. Ya chupa yalibaki vilevile. Mke wangu alishika mdomo. Nimeshatoa laki sita ya kuanzia.

MpimaMaji
Pole. Ule uchafu umetoka kwenye vyuma vyake. Maji yenye madini hupitisha umeme, chuma kinalika, unaona kutu. Ya chupa yana madini kidogo, umeme haupiti vizuri. Akirudi, tia chumvi kidogo kwenye glasi ya maji ya chupa, achovye tena. Yatageuka kahawia mbele ya macho yako. Na akileta ile kalamu ya kupimia, ujue inakupa jumla ya madini tu. Haikuambii ni madini gani, wala kama kuna kinyesi ndani.
Nauliza mara ya pili: maabara ulikwenda?

Ngosha_Bariadi
Huyo muuzaji kama ndiye aliyepita kwetu! Mama mkwe aliuza mbuzi wawili kwa ajili ya hiyo mashine. Umeme wenyewe kwake unakatika kila jioni, sasa ni kabati la kuwekea vikombe. Kisima chake kilikuwa na shida ndogo tu, choo cha jirani kilikuwa juu yake. Tulihamisha choo, tukatia klorini, tumbo likapona.

Kisima_Arumeru
Nilikwenda, mwezi wa tatu. Vijidudu vya kinyesi hakuna hata kimoja. Kila kitu kiko sawa isipokuwa floraidi, yale madini yanayotia meno rangi, miligramu 6.8 kwa lita. Lakini naomba tuelewane: mimi nimezaliwa huku, baba yangu amekunywa maji ya huku mpaka miaka 81. Meno yetu ni ya rangi, ndiyo, kila mtu anatujua kwa hayo. Na kuna mtu aliniambia Tanzania inakubali hadi 4, kwa hiyo si mbali sana.

MpimaMaji
Ndugu yangu, hilo ndilo ulipaswa kulitaja mstari wa kwanza. Hiyo 4 ilikuwa kwa miaka mingi kwa sababu vijijini maji mengine hayakuwepo. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Wewe una zaidi ya mara nne ya hapo.
Taa inaua vijidudu, ambavyo huna. Floraidi haiigusi. Klorini vilevile. Na dada yangu Mama_Wawili, kwa maji ya namna hii kuchemsha kunaongeza tatizo: maji yanapaa kuwa mvuke, floraidi inabaki sufuriani.

Mama_Wawili
Jamani! Nilisema kwa nia njema, maji yetu Iringa hayana mambo hayo. Una watoto wa umri gani kaka?

Bibi_Poli
Wanangu, haya maji yetu yanatoka kwenye miamba ya moto ya mlima Meru, ndiyo yamebeba hayo madini. Mto wenyewe tunauita Maji ya Chai. Nina mjukuu ana matege, alipasuliwa miguu yote miwili. Tuliambiwa ni maji, na magadi tunayotia kwenye makande na maharage, maana nayo yana floraidi. Magadi nimeacha. Makande yanachelewa kuiva, basi tunasubiri.

Mwalimu_Mstaafu
Tatizo letu Watanzania ni kupenda mashine kuliko elimu. Mtu ana karatasi ya maabara kabatini tangu Machi, anakwenda kumsikiliza mchuuzi. Tubadilike.

Jicho_Kali
Wakuu, hii ni chai, tena ya Maji ya Chai. Angalieni akaunti: imefunguliwa jana, uzi mmoja tu. Kwanza hajapima, halafu kapima. Kwanza shida ni mashine, halafu ni floraidi. Mchezo huu naujua: leo analia, kesho atatokea msamaria na namba ya simu ya muuza machujio. Mods, fungeni uzi.

FundiPampu
Hata mimi nilishangaa, bei ya kuchimba hajajibu mpaka sasa.

Ngosha_Bariadi
Kama ni chai, mbona mchuuzi wa vyuma viwili mimi namjua? Mwacheni ajieleze.

Jicho_Kali
Ajieleze basi. Mtu mwenye majibu tangu mwezi wa tatu, nini kimemnyima usingizi leo?

Kisima_Arumeru
Siuzi mashine. Ninauza maji.
Nina koki mbili getini, shilingi mia kwa dumu. Mkopo wa kuchimba ninaulipa kwa hizo. Tangu mwezi wa nne shule ya chekechea ya jirani inachukua madumu sita kila siku, ya uji na ya kunywa. Watoto wako arobaini na kitu. Wiki iliyopita mwalimu wao alinishukuru mbele za watu kanisani, akasema nimewaokoa na maji ya mtaro. Tangu siku hiyo silali. Nilifikiri nikinunua mashine na kuifunga kwenye tenki, sitalazimika kumwambia mtu kitu.
Akaunti ni mpya kwa sababu ile ya zamani wanaijua majirani.

Jicho_Kali
Nimekuelewa. Samahani.

Mama_Wawili
Watoto wa chekechea ndio hasa. Meno yao ya utu uzima yanajijenga ndani ya fizi sasa hivi. Kaka, mwambie mwalimu kesho asubuhi, kabla uji haujapikwa.

Kisima_Arumeru
Nikimwambia watarudi mtaroni. Kule kuna kuhara. Ndiyo maana nimeona bora yangu.

MpimaMaji
Hofu yako ina msingi, kwa hiyo usiende mikono mitupu. Maji yako ni salama kwa kuoga, kufua na kudeki, endelea kuyauza hivyo na uandike kwenye tenki. Ya kunywa na kupikia ni machache: kadiria lita tano kwa mtu nyumbani kwa siku. Watu sita ni lita 30, siku 120 za kiangazi ni lita 3,600. Tenki moja la lita 5,000 la maji ya mvua linakuvusha.
Ya mvua yakiwa machache, changanya: ndoo moja ya kisima kwa nne za mvua, 6.8 inashuka karibu 1.4. Ya mvua yatie klorini kwanza.
Chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe lipo pia, nenda kituo cha utafiti cha Ngurdoto wakuelekeze. Ila mkaa ukishachoka, floraidi inapita na ladha haibadiliki, kwa hiyo lazima kupima tena na tena. Kuhusu laki sita, idai. Ikishindikana, iache. Usiongeze milioni nyingine kuifuata.

Kisima_Arumeru
Nimetoka shuleni. Mwalimu alikaa kimya muda mrefu, akauliza tangu lini ninajua. Nilimwambia ukweli. Hakunijibu. Baadaye alinifuata getini akaniuliza afanye nini. Tumepima paa la darasa pamoja: bati, mita 18 kwa 7, halina mfereji. Tenki la lita 5,000 ninalo moja, nitampa.

FundiPampu
Mita 126 za mraba. Kila milimita moja ya mvua ni kama lita 126, ukitoa zinazomwagika. Mvua moja nzuri ya vuli inakujazia tenki. Mfereji uelekeze upande wa tenki, ushuke kidogo kidogo, na mvua ya kwanza usiikinge, iache ioshe bati. Niandikie ukifika kwenye viungo, nitakuchorea.