FUTI!!! Yule jamaa wa kaunta ya kioo leo kanimaliza

Wakuu, naandika nikiwa ndani ya daladala ya Buhongwa, mikono bado inatetemeka. Yule jamaa wa kaunta ya kioo pale mjini, mnamjua wote, msijifanye. Kapima diski yangu kwa futi ya cherehani.

Nimeenda kistaarabu. Diski ya tera 1, natunzia video za harusi, kunakili kunakwenda kama kobe mjamzito. Diski huhifadhi data kwenye vipande vidogo viitwavyo sekta, nikataka kujua vyangu vina ukubwa gani. Nikamuuliza, "Kaka, sekta za hii ni baiti 512 kweli, au ni 4096 inajifanya 512?"

"Sekta? Ya kilimo au ya uvuvi?"

Nyuma yangu foleni ya watu saba. Akaazima futi kwa mshona suti wa jirani, akailaza juu ya diski: "Inchi nne! Si umesema elfu nne? Ndo hizo." Watu walicheka mpaka muuza miwa akaacha kukamua. FUTI wakuu!

Kobe_wa_Igoma: Fungua CMD (lile dirisha jeusi la amri la Windows) kama admin, andika fsutil fsinfo ntfsinfo D: halafu utazame Bytes Per Physical Sector. Ikisema 4096, hiyo 512 ya juu yake ni maigizo tu.

Mleta uzi: Zote mbili 512. Lakini mkuu, futi ya CHEREHANI.

Bonge_la_Nyegezi: Ipo kwenye kava la USB? Kava nalo linaficha ukubwa halisi wa sekta. Nakili kwanza video za watu, itoe, uichomeke SATA (waya wa diski wa ndani ya kompyuta) moja kwa moja. Au soma lebo, ikiwa na alama ya AF (Advanced Format) hiyo ni 4096. Partition, yaani kile kigawanyo cha diski, inaanzia sekta ya ngapi?

Mleta uzi: 63.

Bonge_la_Nyegezi: Eeh! Sekta 8 za 512 ndizo hiyo 4096 moja, na 63 haigawanyiki kwa 8. Imekaa upande, kila ukiandika inasoma baiti 4096 nzima, inabadilisha, inaandika upya. Lazima iwe kobe. Ianzie 2048. Nani aliigawa?

Mleta uzi: Yeye. Kwa Windows XP, ile ya kizamani.

Kobe_wa_Igoma: 😂😂😂

Jiwe_la_Bismarck: Tumtendee haki. Diski inayoitwa ya inchi 3.5 upana wake ni inchi 4. Jamaa kapima sawasawa.

Mleta uzi: Na wewe ulikuwa kwenye foleni nini?

Mama_Dagaa: Afadhali wewe umepimiwa kwa futi. Mimi sokoni Mwaloni nimepimiwa dagaa kwa kisado (kile kindoo cha kupimia) kilichobonyezwa kitako. Nimefika nyumbani nusu mchanga.

Jiwe_la_Bismarck: Sato je? Mizani inapima samaki na barafu yake. Asubuhi kilo mbili, mchana supu ya maji.

Kobe_wa_Igoma: Dagaa wa kuanika juu ya mchanga mnanunua wa nini? Chukueni wa kichanja, walioanikwa juu bila kugusa mchanga.

Mama_Dagaa: Na bei ya kichanja unalipa wewe?

Mleta uzi: Jamani, FUTI...

Bonge_la_Nyegezi: Mama_Dagaa, kesho unashuka Mwaloni saa ngapi?

Mama_Dagaa: Saa kumi na mbili.

Mleta uzi: Nichukulie visado viwili. Kitako ukikague.