Majirani wa Kaloleni: nani atamlaza nani kesho

[19:31] Ochi: Majirani, hamjambo. Kesho saa nane mchana tunacheza barazani kwa Mwalimu. Wengi mmechagua joka, pepo na mchawi, kila mmoja apambane na wenzake wawili, mmoja baada ya mwingine. Kanuni ni za Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza kwa dadu, toleo la tano la 2014. Joka ni lile jekundu kongwe, pepo ni Balor, mchawi ni wa ngazi 20. Mwenye swali aulize leo, kesho ni dadu tu.

[19:33] Kiprono: Joka. Tumemaliza. Laleni salama.

[19:34] Mama Akinyi: Huyo mchawi wa ngazi 20 anatoka upande wenu au wetu? 😂

[19:36] Bi Zainabu: Ochi mwanangu, neno mchawi linapotosha. Mchawi ni wa usiku, kazi yake kudhuru. Huyu wenu anayesoma vitabu, akachora duara na kuandika talasimu, huyo ni mganga. Na pepo naye hupanda kichwani akataka ubani na ngoma, hashiki upanga. Mwenye moto na mabawa muiteni ifriti.

[19:37] Ochi: Shikamoo Bi Zainabu. Umesema kweli, ila wachezaji wameshazoea mchawi na pepo. Tuyaache majina, tushike hesabu.

[19:38] Bi Zainabu: Marahaba. Haya, hesabu.

[19:41] Ochi: Joka: uhai 546, ulinzi (namba ambayo pigo lazima liifikie) 22. Balor: uhai 262, ulinzi 19. Mchawi anapata uhai wa dadu ya pande 6 kwa kila ngazi. Tukichukua wastani, bila mwili wa ziada, ni 82 tu.

[19:42] Kiprono: 82 kwa 546. Niliwaambia mlale.

[19:44] Mwalimu Wekesa: Kiprono, polepole. Ukipanga kwa uhai peke yake umefanya kosa la mgeni. Uhai unakuambia utachelewa kufa kwa muda gani. Haukuambii kama utapigwa, wala utapigwa na nini. Lwanda Magere, shujaa wa Kano, mikuki ilimgonga mwilini ikapinda, kisha akafa kwa mkuki uliochomwa kivulini. Fumo Liyongo naye, sindano ya shaba kitovuni. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: pigo linaingilia wapi?

[19:45] Mama Akinyi: Na Magere siri ilitolewa na mke. Andikeni hiyo kwenye kanuni.

[19:49] Ochi: Sawa, tuanze na joka dhidi ya mchawi, hapo ndipo watu hukosea sana. Pumzi ya joka inafika futi 90, kama mita 27, ikitanuka mbele yake. Ni dadu 26 za pande 6, wastani 91. Kujinusuru, yaani kurusha dadu ya pande 20 na kujumlisha nyongeza yako ili pigo lipungue, unahitaji 24. Mchawi wa kawaida ana nyongeza ya wepesi +2, kwa hiyo hata dadu ikianguka 20 anafika 22. Hanusuriki kabisa. 91 kwa uhai wa 82, ameanguka kwa pumzi ya kwanza.

[19:50] Kiprono: 🐉🐉🐉

[19:51] Mama Akinyi: Si azime tu hiyo pumzi kwa uchawi? Iko ile ya kukatiza tamko la mwenzako.

[19:53] Ochi: Hapana mama, hiyo inakatiza tamko la kichawi peke yake. Pumzi ya joka si tamko, ni mwili wake. Ni kama kumkataza ng'ombe asipumue. Anachoweza ni kutumia tamko dogo la daraja la kwanza la kunyonya moto, pigo linakuwa nusu, 45. Ila tamko hilo na lile la kukatiza yote yanatumia jibu lako la papo hapo, na jibu ni moja kwa mzunguko. Ukilimaliza kwa jambo la kipuuzi, pumzi inakukuta mikono mitupu.

[19:55] Ochi: Na pumzi hairudi kila zamu. Joka linarusha dadu moja mwanzo wa zamu yake, likipata 5 au 6 pumzi imerudi. Yaani nafasi moja kwa tatu. Ndani ya zamu mbili nafasi ya kurudi angalau mara moja ni tano kwa tisa. Usijidanganye kwamba umepata muda mrefu.

[19:58] Mwalimu Wekesa: Sasa uwaambie kuhusu vimondo, kwa sababu najua Akinyi atakuja na vimondo kesho.

[20:02] Ochi: 😄 Vimondo ni tamko la daraja la tisa. Linafika maili nzima, kilomita 1.6. Ukisimama ufukweni Dunga, unaangusha mawe mbali ziwani huko. Ni dadu 20 za moto na dadu 20 za kishindo, wastani 70 na 70. Watu wanasoma 140 wanashangilia. Makosa ni matatu. Moja, joka jekundu halidhuriki kwa moto, kwa hiyo 70 nzima imepotea. Mbili, vimondo ni vinne lakini kiumbe kikiwa katikati ya viwili au vitatu kinahesabiwa pigo moja tu. Tatu, nafasi ya kutamka tamko la daraja la tisa ni moja kwa siku. 546 ukigawanya kwa 70 unahitaji karibu siku nane, na hapo joka halijajinusuru hata mara moja, kwa sababu likijinusuru ni 35.

[20:03] Mama Akinyi: Siku nane joka limekaa tu linangoja?

[20:04] Kiprono: Linaota jua.

[20:08] Mwalimu Wekesa: Njia ya mchawi si kuua, ni kupoteza. Joka kongwe lina haki ya kukataa kushindwa mara tatu kwa siku: likikosa kujinusuru, linasema hapana, nimenusurika. Ndiyo maana kulitupia tamko kubwa mwanzoni ni hasara. Lakini haki hiyo inahusu kujinusuru peke yake. Kuna tamko la daraja la nane la kumfungia mtu ndani ya njia za panda zisizo na mwisho. Halina kujinusuru kabisa. Aliyepotea anatoka kwa akili: arushe dadu, ajumlishe akili yake, afike 20. Joka lina +4, kwa hiyo linahitaji 16 na kuendelea. Robo. Kwa wastani linakaa huko mizunguko minne.

[20:09] Kiprono: Halafu linarudi na hasira.

[20:10] Mwalimu Wekesa: Linakuta dhahabu haipo. Mizunguko minne ni sekunde 24, beba unachoweza.

[20:12] Ochi: Ila Mwalimu umeruka shida yake. Tamko hilo linafika futi 60. Pumzi inafika 90. Lazima uingie ndani ya moto kwanza ndipo utamke. Na ukiumizwa ukiwa unalishikilia unarusha dadu ya umakini, ukikosa joka limerudi hapo hapo.

[20:13] Mwalimu Wekesa: Sikuruka, nilikuwa nameza chai. Ndiyo maana mchawi anataka kujua joka litakuja saa ngapi. Akijua jana, ana dawa ya moto mwilini. Asipojua, ni majivu.

[20:17] Bi Zainabu: Hapo sasa mmenena. Kwenye kisa cha Nabii Suleiman, ifriti alisema atakileta kiti cha enzi cha malkia wa Sabaa kabla Suleiman hajainuka alipoketi. Yule mwenye ilimu ya Kitabu akasema atakileta kabla ya kupepesa jicho, na kikawa mbele yake. Nguvu alikuwa nayo ifriti. Aliyeshinda ni mwenye ilimu.

[20:18] Mama Akinyi: Bi Zainabu amefunga kazi.

[20:20] Bi Zainabu: Sijafunga. Na yule mvuvi wa Alfu Lela Ulela je? Hakuwa na ilimu yoyote. Jini katoka kwenye chombo cha shaba anataka kumuua, mvuvi akamwambia, siamini kama mwili wote huo ulienea humo. Jini akaingia kumwonyesha, kifuniko kikarudi.

[20:24] Ochi: Kesho mkijaribu hiyo kwa Balor sitakataa, ila ana akili 20, kama mchawi mwenyewe. Tumalize pepo. Wengi hupenda kumwita, kumzungushia duara, kisha kumfunga awatumikie. Hatua: duara linachorwa dakika moja, kwa unga wa fedha na chuma wa sarafu 100 za dhahabu, futi 10 kutoka katikati hadi ukingoni. Kisha kumfunga kunachukua saa nzima, na kito cha sarafu 1,000 za dhahabu kinaliwa hata usipofaulu.

[20:25] Ochi: Kosa la kwanza: duara la kawaida linadumu saa moja. Kumfunga ni saa moja. Duara linakatika kabla hujamaliza. Ulichore kwa nafasi ya daraja la juu, kila daraja linaongeza saa.

[20:27] Ochi: Kosa la pili ndilo linaloua watu. Balor anarusha dadu mbili dhidi ya uchawi wowote na kuchukua iliyo kubwa. Mchawi anadai 19, Balor ana +12, kwa hiyo anakosa kwa dadu 6 kushuka. 30 kwa mia. Kwa dadu mbili ni 9 kwa mia. Hiyo ndiyo nafasi yako ya kumfunga. Na ndiyo nafasi ya duara kumzuia asitoweke na kutokea futi 120 kando. Duara si kuta, ni karatasi.

[20:28] Kiprono: 9?? Na watu huanza na hiyo?

[20:29] Ochi: Huanza na kumaliza nayo.

[20:31] Mwalimu Wekesa: Njia za panda zinamshika huyo pia, kwa sababu ile kinga yake ni ya kujinusuru. Ana +5, anatoka kwa 15 kwenda juu.

[20:34] Mwalimu Wekesa: Kwa wapenzi wa historia: 1974 mchezo ulipotoka pepo huyu aliitwa Balrog, jina la Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, kisha likabadilishwa kwa sababu ya haki za jina. Na kwa Tolkien, mchawi Gandalf na Balrog ni roho wa jamii moja. Walipopigana walikufa wote wawili, mmoja akarudishwa. Huwezi kuchukua pambano hilo kuwa kipimo cha mchawi wa kawaida. Mchawi wetu ni binadamu mwenye kitabu.

[20:38] Kiprono: Haya, joka na Balor. Moto kwa moto.

[20:42] Ochi: Moto haufanyi lolote! Wote wawili hawaungui. Pumzi bure, mjeledi wa moto nusu bure, hata ule mlipuko wa Balor akifa, dadu 20 ndani ya futi 30, joka halijikuni. Yanabaki meno, kucha, mkia na upanga. Joka linapata Balor kwa dadu 2 na zaidi, Balor anapata joka kwa 8 na zaidi. Kucha na meno ya joka ni kama 55 kwa zamu, lakini ngozi ya Balor inakata nusu kwa sababu si silaha ya uchawi, 27. Kwa hiyo peke yake lingechukua mizunguko kumi. Linaloharakisha ni mkia: mara moja kila mwisho wa zamu ya Balor, nusu yake 9 hivi. Jumla 36, mizunguko minane. Kiprono akisahau mkia kesho, pambano linakuwa la kuvutana.

[20:43] Kiprono: Sitasahau. Nitaandika kiganjani.

[20:44] Bi Zainabu: Na huyo Balor akifa anakufa?

[20:45] Ochi: Akiuawa nje ya kuzimu kwake, hapana. Mwili mpya unajengeka huko. Joka likifa limekufa.

[20:46] Mama Akinyi: Kwa hiyo joka limeshinda na deni limebaki.

[20:50] Ochi: Uwanja: nilitaka miamba ya Kit Mikayi, joka lisiweze kutandaza mabawa.

[20:51] Mwalimu Wekesa: Pale watu huenda kuomba. Tafuta miamba mingine.

[20:53] Ochi: Sawa, pango la kubuni, paa futi 40. Joka na mchawi wanaanza futi 300 nje ya pango, Balor na mchawi futi 60 ndani. Mchawi anapewa saa moja ya maandalizi dhidi ya joka, dhidi ya Balor hapewi. Mama Akinyi, dadu za pande 6 mnazo ngapi?

[20:54] Mama Akinyi: Za ludo, sita. Moja imeliwa kona na mbwa.

[20:56] Ochi: Vimondo vinataka 40. Tutatumia wastani, 3.5 kwa kila dadu. Ile ya pande 20 iko moja tu, naileta mimi. Tafadhali isianguke kwenye mtaro kama mwezi jana.